Nyanya wa Kitui na Watoto Walioachwa na Ukimwi

Zamani katika nchi ya Ukambani ilikuwa shida kumpata mtoto asiye na kwao. Baba akifariki, ndugu zake waliwatwaa watoto wake wakawalea pamoja na wa kwao wenyewe. Mama akifariki, shangazi au nyanya alishika mahali pake. Mtoto alilia msiba wake kama mtu yeyote, lakini hakulia njaa peke yake, wala hakuuliza atalala wapi. Desturi hii haikuandikwa katika kitabu cha sheria, wala hapakuwa na karani wa kuiwekea hesabu. Ilikuwa kazi ya ukoo, na ukoo ulikuwa mpana.

Kilichoilemea desturi hii si ubaya wa mioyo ya watu, bali ni ugonjwa. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984. Ugonjwa huu haukuwapenda zaidi wazee na watoto wachanga, kama yafanyavyo maradhi mengine. Uliwakamata watu walio katika nguvu zao: baba alimaye, mama apikaye, na kijana aliye mjini apelekaye fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa. Wakati huo mzigo ulikwisha kuwa mkubwa kuliko mabega. Mjomba ambaye angewachukua watoto alikuwa kaburini naye, na shangazi alikuwa tayari na yatima wengine nyumbani mwake. Miaka michache baadaye watoto wa Kenya walioachwa na ugonjwa huo walihesabiwa kupita milioni 1.

Katika nyumba nyingi waliobaki ni wawili tu, mtoto na nyanya. Mmoja hakuwa na nguvu bado, na mwingine nguvu zilikwisha kumtoka. Habari hii ni ya jinsi wawili hao walivyopatanishwa na shamba, maji na imani katika sehemu moja kavu ya Kitui.

DAKTARI ALIYEKUWA PADRE

Padre Angelo D'Agostino alizaliwa mwaka wa 1926 katika mji wa Providence, Marekani. Kwanza alikuwa daktari wa upasuaji. Mwaka wa 1955 aliingia shirika la Wajesuiti, akapata upadre, akasomea pia tiba ya magonjwa ya akili. Alikuja Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 kwa kazi ya kuwahudumia wakimbizi, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo halikumpa usingizi. Watoto wachanga walikuwa wakiachwa hospitalini kwa sababu mama zao walikuwa na virusi vya Ukimwi, na makao ya yatima yalikataa kuwapokea.

Mwaka wa 1992 yeye na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto walifungua makao mjini Nairobi kwa watoto wa namna hii. Makao hayo yaliitwa Nyumbani, na jina hilo halihitaji kufasiriwa.

Yafaa msomaji ajue jambo moja la uganga ambalo watu wengi hawakulijua siku zile. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi huweza kuonekana katika kipimo cha damu kama kwamba naye anavyo, kumbe kipimo kimesoma tu kinga aliyoipokea kwa mama yake tumboni. Kinga hiyo humtoka kadiri akuavyo. Hata zamani, kabla ya dawa za kuwakinga watoto kupatikana, wengi wa watoto hao hawakuwa na virusi kamwe. Kwa hiyo watoto wengi wazima walikuwa wakihesabiwa kuwa wafu na kuachwa, na sababu yake ni kutojua.

Lakini wengine walikuwa wagonjwa kweli, na katika miaka ya kwanza kazi ilikuwa ya machozi. Dawa za kuzuia virusi zilikuwako Ulaya na Marekani, lakini bei yake haikufikiwa na mtu wa kawaida katika Kenya. Mwaka wa 2001 Padre D'Agostino alitangaza waziwazi kwamba ataagiza dawa za bei nafuu kutoka India, na mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa kama hizo. Tena, watoto wa Nyumbani walipokataliwa katika shule za serikali mjini, makao yalipeleka jambo hilo mahakamani. Mwezi wa Januari 2004 ilikubaliwa kwamba watoto hao wapokewe shuleni kama wengine. Basi padre huyu hakuwa mtu wa kupiga magoti tu. Alipiga magoti, kisha akasimama akaenda kwa wakili.

NYUMBA MOJA, NYANYA MMOJA

Wenye makao waliona upesi kwamba nyumba ya mjini, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kuwapokea watoto wote wa vijijini walioachwa. Tena waliona kwamba mtoto aliyelelewa mjini kwa fedha za wageni huweza kukua bila kujua kushika jembe, bila lugha ya wazee wake, na bila mtu wa kumwita nyanya. Ndipo lilipozaliwa shauri la kijiji. Baraza la Kaunti ya Kitui lilitoa ardhi ya ekari 1,000 katika nchi kavu ya Kitui, na katikati ya miaka ya 2000 ujenzi ukaanza. Padre D'Agostino alifariki Nairobi tarehe 20 Novemba 2006, akiwa na umri wa miaka 80, kijiji kikiwa bado kichanga. Wengine waliishika kazi wakaiendeleza.

Mpango wa kijiji ni rahisi kueleza. Zimejengwa nyumba zipatazo 100. Katika kila nyumba hukaa mzee mmoja, mara nyingi nyanya na mara nyingine babu, pamoja na watoto wapatao kumi. Baadhi yao ni wajukuu wake wa damu, na wengine ni watoto wa watu waliofariki ambao hakupata kuwajua. Wote humwita Susu, kama Wakamba wamwitavyo nyanya. Kuna shule ya msingi, shule ya sekondari, mafunzo ya ufundi, na zahanati. Kila nyumba ina bustani yake, na pia lipo shamba kubwa la wote.

Mtu asiyezijua desturi za Ukambani huenda asione upesi kwa nini mpango huu ulikubaliwa na wazee. Kwa Wakamba, mjukuu si mtoto wa mtoto tu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa jina hilo mzee hurudi nyumbani akiwa mdogo. Nyanya huweza kumtania mjukuu wake kama amtaniavyo mumewe, na mtoto huweza kumwambia nyanya maneno asiyothubutu kumwambia mama. Kwa hiyo mtoto aliyepoteza wazazi akikabidhiwa kwa nyanya haanzi jambo jipya, bali anaendelea na jambo la kale. Na nyanya aliyewazika watoto wake wote, aliyekuwa akikaa peke yake akingoja siku yake, hupata tena sababu ya kuamka alfajiri na kuwasha moto. Hupika isyo na kunde, husuka vyondo huku akisimulia hadithi, na husikia tena kelele za watoto wagombanao juu ya nani ateke maji.

Basi ni nani anayemsaidia mwenzake hapo? Hesabu yake si rahisi kama idhaniwavyo.

MAJI NDANI YA MCHANGA

Huruma bila maji haiwezi kukaa Kitui. Mvua za huko hazina uaminifu. Zile za mwezi wa Machi hadi Mei mara nyingi hudanganya, na mkulima hutegemea zaidi zile za Oktoba hadi Desemba. Mito mingi haina maji ila siku chache za mwaka, ambapo hushuka kwa kishindo, huchukua udongo mwema, kisha hukauka ikaacha mchanga mtupu.

Lakini mchanga huo ndio ghala. Watu wa Ukambani wanajua kwa muda mrefu kwamba mto uliokauka juu huweza kuwa na maji chini. Kwa hiyo hujenga boma la mawe na saruji kukata mto mahali penye mwamba. Mvua zinyeshapo, mto huleta mchanga, nao huzuiwa nyuma ya boma hilo, msimu baada ya msimu, mpaka pakajaa. Katika kila madebe kumi ya mchanga huo mnono huweza kukaa madebe matatu au manne ya maji. Jua haliyafikii maji hayo kwa urahisi, ng'ombe hawayachafui, wala mbu hawapati pa kuzalia. Nyanya na watoto huchimba kisima kando, au hutiwa bomba, na maji hutoka yakiwa yamekwisha kuchujwa na mchanga wenyewe.

Kazi ya boma la mchanga haifanywi na mtu mmoja. Hufanywa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wasaidianao kwa zamu, kama walivyofanya wazee kabla ya barabara kufika. Hapo msomaji aone kwamba ile desturi ya ukoo iliyolemewa na ugonjwa haikufa kabisa. Ilibaki katika mikono, ikingoja kazi.

MTI WA MUKAU

Lipo jambo la pili la kutazamwa na wakulima, nalo ni mukau. Mti huu ni wa asili ya nchi kavu za Afrika Mashariki. Huvumilia ukame, mbao zake ni nyekundu na ngumu, mchwa hawazipendi, na mafundi huzithamini sana kwa milango na vyombo vya nyumbani. Wakati wa kiangazi majani yake ni chakula cha mbuzi. Tabu yake iko katika mbegu. Kokwa ni ngumu mno. Yapasa kuivunja kwa uangalifu bila kuiponda mbegu, kisha kuichana ngozi kidogo na kuiloweka, ndipo ikubali kuota. Waganga wa misitu wa serikali katika Kitui wamefanya kazi kubwa kuwafunza wakulima njia hii.

Kijijini Nyumbani mukau umepandwa kwa wingi, na sababu yake ni ya hesabu. Fedha za wafadhili ni kama mto wa Kitui: zikija huja kwa kishindo, na siku moja hukauka. Wenye kijiji walitaka siku moja kijiji kijilishe chenyewe kwa mazao ya shamba, kuku, mbuzi na mbao. Mukau huhitaji miaka kumi hadi kumi na mitano kabla haujafaa kukatwa mbao. Nyanya wa miaka 70 aupandaye anajua kwamba huenda asikalie kiti kilichotengenezwa kwa mti huo. Hata hivyo huupanda, akamfundisha mtoto kuumwagilia kwa maji yaliyooshewa vyombo.

Imani ya mkulima wa Kitui ni ya namna hii. Hata mahindi na kunde, wengi huzipanda udongo ukiwa bado mkavu, kabla mvua za Oktoba hazijaanza, ili zisipoteze hata siku moja ya unyevu. Mtu huiweka mbegu yake ya mwisho vumbini, akatazama mbingu nyeupe, akangoja. Mhubiri hana haja ya kumweleza mtu huyo maana ya kuamini.

SHUKRANI HAIDAIWI

Dini zote mbili kubwa za nchi hii zinamweka yatima mahali pa mbele. Waraka wa Yakobo huwahimiza Wakristo kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki zao. Kurani Tukufu huonya vikali juu ya kula mali ya yatima, na Mtume Muhammad mwenyewe alikuwa yatima. Baada ya mavuno, katika makanisa ya Ukambani, watu huleta sadaka ya shukrani: debe la mtama, kuku, kibaba cha ndengu. Mjane aliyevuna kidogo naye huleta kidogo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Lakini juu ya shukrani pana kosa ambalo watu wema hulifanya. Mtu humpa yatima shati, kisha kila amwonapo humkumbusha shati lile. Humwita mbele ya wageni aseme asante. Akikosea kama watoto wote wakoseavyo, huambiwa kwamba hana shukrani, na kwamba mbwa wa nyumba ana fadhili kumzidi. Mtoto wa namna hii hujifunza kuinamisha kichwa. Hukua akidhani kwamba chakula chake ni deni, na siku apatapo nguvu hukimbia, kama mtu akimbiavyo duka alilokopa.

Mtoto mwenye wazazi huvunja chungu, hufokewa, kisha hula. Hakumbushwi kwamba angaliweza kulala nje. Yatima anastahili haki hiyohiyo ya kuvunja chungu na kula. Shukrani ya kweli huja yenyewe, na mara nyingi huchelewa. Huja wakati kijana aliyelelewa na nyanya asiye wa damu yake ampelekeapo sukari na blanketi kwa mshahara wake wa kwanza. Huja pia kwa upande mwingine, nyanya amshukurupo Mungu usiku kwa sababu ya pumzi za watoto kumi katika vyumba vilivyokuwa kimya. Asiyeshukuru kwa kidogo hatashukuru kwa kingi, ndivyo wasemavyo, nayo ni kweli. Lakini neno hilo amwambie kwanza mwenye kutoa, kabla hajamwambia mwenye kupokea.

MAMBO YALIYO MAGUMU

Haitakuwa haki kueleza mema tu. Kijiji cha namna hii hakiwezi kumpokea kila mtoto, na wala si vema kila mtoto akusanywe kijijini. Mwaka wa 2022 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto polepole kutoka makao ya yatima kwenda kwa jamaa zao, au kwa watu wengine wa kuwalea katika nyumba za kawaida. Wataalamu wameona kwamba mtoto hukua vizuri zaidi mahali penye mtu mmoja ajulikanaye kuwa ni wake, kuliko katika bweni lenye vitanda 50 na walezi wanaobadilishwa. Nyumba ya nyanya mmoja na watoto kumi iko katikati ya hayo mawili.

Tena wazee hawadumu. Nyanya afapo, watoto waliokwisha kufiwa mara moja hufiwa mara ya pili, na nyumba hutafutiwa mzee mwingine. Ukame nao haukuheshimu mipango mizuri: tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020 mpaka mwisho wa mwaka wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua za kutosha katika sehemu kavu za Kenya. Na mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mingi ya ng'ambo, hofu iliwaingia wote waliotegemea dawa za Ukimwi zilizonunuliwa kwa misaada hiyo. Mtoto mwenye virusi apataye dawa kila siku huweza kuishi, kusoma na kuzeeka. Dawa zikikatika, virusi huamka. Ndipo lionekanapo wazi shauri la wale waliopanda mukau.

KAZI YA JIRANI

Wasomaji wengi hawana ekari 1,000, wala hawataanzisha kijiji. Lakini karibu kila mmoja anajua nyumba moja yenye nyanya na wajukuu. Yako mambo yawezayo kufanywa bila fedha nyingi, na mengi ni kazi ya mtu ajuaye kusoma na kuandika.

La kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti hupata tabu katika kuandikishwa kwa mitihani na, akikua, katika kupata kitambulisho. Nyanya asiyejua kusoma huogopa ofisi. Karani mmoja akimwandikia fomu na kufuatana naye siku moja, amemfungulia mtoto milango kumi.

La pili ni shamba. Mara nyingi msiba ukiisha, jamaa hutokea kuligawana shamba la marehemu, na watoto hubaki na kaburi tu. Sheria ya urithi ya Kenya inawalinda watoto, lakini haiwezi kuwalinda ikiwa hakuna mtu aliyekwenda kwa chifu kupata barua na kuipeleka habari mahakamani. Mzee wa mtaa ajuaye mipaka asinyamaze.

La tatu ni msaada wa Serikali. Mwaka wa 2004 ulianza, kwa majaribio katika wilaya chache, mpango wa kuwapa fedha watu wanaolea yatima, kwanza shilingi 500 kwa mwezi, na baadaye ikawa shilingi 2,000 kwa kila nyumba. Wazee waliotimiza miaka 70 nao waliwekewa msaada wao tangu mwaka wa 2018. Wengi wastahilio hawajaandikishwa kwa kuwa hawakupata habari. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo na ya chifu ndizo za kuulizwa. Na mtoto apigwaye, afanyishwaye kazi ngumu au aharibiwaye, habari zake huweza kutolewa kwa simu nambari 116, bila malipo.

La nne ni dogo kuliko yote, nalo ni mbegu. Msimu wa kupanda ufikapo, nyanya aliyelisha wajukuu kwa akiba yake yote huwa hana hata kibaba cha kunde cha kutia ardhini. Jirani ampaye vibaba viwili mwezi wa Septemba amempa chakula cha mwezi wa Januari, na amempa pia heshima, kwa maana chakula hicho atakivuna kwa mikono yake mwenyewe. Asimdai asante. Mvua ikinyesha, kunde zitaota katika mashamba yote mawili.